Tumesoma bila kusoma: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, wajumbe wa Seneti, wakurugenzi wa masomo ya uzamili, pamoja nanyi mnaoshika mafaili ya elimu ya juu na ya mambo ya kale huko wizarani,

Shikamooni.

Mimi nimesoma vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa barazani kwa Maalim, Kilwa Kivinje, juu ya mkeka uliofumuka ukingoni, na ada yake ilikuwa senti za kila Alhamisi tulizofungiwa kwenye pindo la kanga. Pale nilifundishwa alifu, be, te, mpaka nikahitimu msahafu. Cha pili ni chuo kikuu. Huko nimepata shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, na sasa niko mwaka wa tatu wa uzamivu katika akiolojia na historia ya kale. Nawaandikia kwa sababu vyuo hivi viwili havijuani, na kutojuana kwao kumenigharimu.

Siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilikuwa nimeandika juu ya biashara ya Kilwa na mwambao, kurasa mia na arobaini, na sura ya pili ilijaa nukuu za watu wa kale: al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, na Mgiriki mmoja asiyejulikana jina. Mtahini wa nje, mzee mpole, akafungua ukurasa ambao nilimnukuu al-Masudi akisema watu wa Zanj, yaani wa pwani yetu, humwita mtawala wao "Waqlimi". Akaniuliza, "Neno hili umelitoa wapi?" Nikataja mkusanyo wa Freeman-Grenville wa mwaka 1962, ule ambao hakuna mwanafunzi wa historia ya pwani ambaye hajaunukuu. "Hiyo ni tafsiri," akasema. "Kwa Kiarabu linaandikwaje?"

Nikanyamaza.

Akachukua kalamu, akageuza karatasi ya ratiba, akaliandika polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha akaweka kidole juu ya qafu, yenye nukta zake mbili. "Haya. Mnakili amechoka, taa inafifia, ameongeza nukta moja. Kabla hajaiongeza, herufi hii ilikuwa nini?" Ilikuwa fe. Waflimi. Chumba kizima kikaguna, kwa sababu kila aliyekuwamo alisikia neno lile lile: wafalme.

Al-Masudi mwenyewe anaeleza kwamba mara ya mwisho alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Omani mwaka 304 wa Hijria, yaani kama mwaka 916. Ikiwa usomaji ule ni sahihi, basi hilo ni mojawapo ya maneno ya kwanza kabisa ya lugha yetu, au ya mama yake, kuwekwa kwenye karatasi. Wako wanaobisha, na hoja zao zina uzito: mwandishi anasema jina hilo maana yake ni mwana wa Bwana Mkubwa, na wafalme ni wingi, iweje liwe cheo cha mtu mmoja? Mimi siamui ubishi huo hapa. Ninachosema ni kwamba sikuweza hata kuingia katika ubishi wenyewe. Na herufi zile nazijua tangu nikiwa na miaka saba. Fe nukta moja, qafu nukta mbili. Maalim alinipa bakora kwa ajili ya nukta hizo. Lakini katika miaka mitano ya chuo kikuu hakuna mtu aliyewahi kuniwekea maandishi yenyewe mezani akasema, soma.

Nilifaulu, waheshimiwa, kwa marekebisho madogo. Malalamiko yangu ndiyo hayo: nilifaulu.

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kusoma, kwa kazi mbili: kutazama maandishi ukayaelewa, na kwenda shule. Katika masomo ya ustaarabu wa kale ngazi ya juu, kwetu kazi hizo zimeachana. Tunasoma bila kusoma. Kwingineko ambako Misri ya kale inafundishwa kwa uzamili, mtu huanza na hieroglifu, apende asipende. Anayetaka Babeli huanza na Kiakadi kwenye vibao vya udongo. Anayetaka uzamivu wa Roma hana Kilatini ataambiwa kwa adabu arudi mwakani. Kwetu mtu anaweza kupata uzamivu juu ya Kilwa hajui Kiarabu, juu ya Azania, pwani yetu kama Wagiriki walivyoiita, hajui Kigiriki, juu ya ujio wa Wareno hajui Kireno, na mahafali ikampigia vigelegele. Mimi ni mmoja wa wanaoelekea kwenye vigelegele hivyo, kwa hiyo msidhani nawarushia mawe kutoka nje. Nimo ndani ya nyumba, na inavuja.

Naomba nikae kidogo juu ya mfano mmoja, maana hapa ndipo penye utamu.

Katika karne ya kwanza ya Kikristo, yule Mgiriki asiyejulikana jina, mfanyabiashara kutoka Misri, aliandika kwa Kigiriki kitabu kifupi cha kuongoza wenye vyombo katika Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Wasomi hukiita Periplus. Mswada wake mkuu ulinakiliwa karne ya 10 na uko Heidelberg, Ujerumani. Mwandishi anashuka na pwani ya Azania, anapita kisiwa anachokiita Menuthias, anaishia Rhapta, soko la mwisho, ambalo anasema limepewa jina kutokana na mashua za kushonwa, kwa kuwa kwa Kigiriki kushona ni rhaptein. Hapo tu mtu wa pwani ameshawakumbuka mafundi wa mitepe. Lakini mimi kilichonishika ni samaki. Anasema watu wa Menuthias wana mitumbwi na mashua za kushonwa, wanavua samaki na kasa, na kwamba wana mtindo wao wa pekee: badala ya nyavu wanatega gurgathos kwenye midomo ya mikondo ya maji. Tafsiri ya Kiingereza niliyokuwa nayo iliandika "vikapu", ikapita.

Nilimsomea ami yangu, ambaye amesuka madema, mitego ya samaki, tangu ujana wake. Akacheka. "Vikapu vya nini? Si dema hilo!" Kisha akanyamaza, akatafuna kijiti chake, akauliza swali ambalo sijaliona katika makala yoyote niliyosoma: "Wameyazamisha chini kwa mawe, au wameyafunga mdomoni, maji yanapotoka? Maana kama ni mdomoni, huo ni wando, uzio wa kunasia samaki, au jamaa yake wando. Na wando hauwekwi popote tu. Unataka bamvua kubwa, na maji yakupwe mbali."

Menuthias inabishaniwa mpaka leo: wako wa Pemba, wako wa Unguja, wako wa Mafia. Swali la ami ni swali la kitafiti. Kila kisiwa kina maji yake, mikondo yake na midomo yake, na mtu anayejua wando anaweza kusema wapi unafaa na wapi ni kujisumbua. Sehemu nyingine ya jibu imo katika vitenzi vya Kigiriki: wanashusha, wanafunga, wanazungusha? Mwenye Kigiriki huko Ulaya hajui wando. Ami yangu hajui Kigiriki. Mtu wa katikati, aliyepaswa kuwa na vyote viwili, ni mimi, na chuo kilinipa kozi tatu za nadharia na moja ya uandishi wa mapendekezo ya ufadhili. Nimejifundisha Kigiriki cha kuokoteza kwenye intaneti kwa miezi minane, usiku, baada ya kuendesha semina za mwaka wa kwanza. Hadi leo naipita sentensi ile kama mtu anayevuka mkondo wenye tope, kanga nimeikunja magotini.

Na sarafu je? Sarafu za shaba za Kilwa ni vitu vidogo, ukubwa wa kucha ya dole gumba au zaidi kidogo. Zimeokotwa kwa maelfu. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa na kumpokea Ibn Battuta mwaka 1331, imepatikana mpaka Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka sasa watu wanakuna vichwa zilifikaje. Habari hizo za safari kila mtu anazipenda. Kitu ambacho sikuambiwa darasani ni kwamba sarafu hizi zina vina. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaitikiana: jina likiishia al-Hasan, upande wa pili unaishia al-minan. Mtu ametunga beti mbili akazichapa kwenye shaba, zikazunguka sokoni pamoja na mtama na samaki. Watu ambao mpaka leo hawamalizi harusi bila shairi walipaswa kulijua hilo mapema. Mimi niliambiwa na kijana wa miaka ishirini na miwili, mgeni, katika jumba la makumbusho la ng'ambo nilikokwenda kwa wiki tatu. Alikuwa amesoma muhula mmoja wa maandishi ya sarafu za Kiislamu. Muhula mmoja! Alinionyesha kwa heshima zote, na nikamshukuru kwa heshima zote, nikaenda chooni nikanawa uso.

Msije mkasema basi hao watoto wa madrasa tayari wanajua, mwalimu wa nini? Kusoma msahafu ni jambo moja, kusoma jiwe ni jambo jingine. Nendeni msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, mkatazame yale maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, karibu na kibla, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Herufi zimechanua maua, zimesokotana, nukta hakuna. Nilisimama pale na khitma yangu na shahada zangu mbili, nikasoma bismillahi, baada ya hapo nikawa kama mtalii. Mwenye msingi wa chuo cha kwanza anahitaji mihula miwili ya kufundishwa mwandiko huo, na atakuwa mbele ya wengi. Asiye na msingi huo atahitaji miaka. Maana yake ni kwamba mna mtaji umekaa bure kwenye mikeka ya Kivinje, Lamu, Pate, Bagamoyo na Makunduchi, na hamjauhesabu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya mwambao. Ulionyesha mchanganyiko wa asili ya Kiafrika na ya Asia, hasa Uajemi, ukianza kama mwaka 1000, damu ya Uajemi ikija zaidi upande wa akina baba. Mnakumbuka kelele zilizofuata. Redioni, vibarazani, kwenye simu, kila mtu akawa anaulizwa yeye ni Mshirazi wa kweli au wa kujipachika. Katika mijadala niliyoisikiliza, Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, ilitajwa kila baada ya dakika tano kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo kimoja. Kuna maandishi ya Kiarabu, nakala yake iko British Library, London, na yalichapishwa na Strong mwaka 1895. Na kuna masimulizi ya Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552. Kwa Kiarabu waanzilishi wa Kilwa wanakuja kwa merikebu saba, baba na wanawe sita, kila chombo kikitia nanga mahali pake. Kwa Kireno ni kijana mmoja, Ali, ambaye mama yake ni Mhabeshi, ndugu zake wanamdharau kwa ajili ya mama huyo, akaamua kwenda zake. Hebu tazameni tofauti hiyo ilivyo na maana katika mjadala wa nani mama na nani baba. Tulihitaji mtu wetu, mwenye maandishi yote mawili mkononi kwa lugha zake, akae redioni saa moja atutulize. Nilitafuta nani aalikwe. Niliwapata wawili, mmoja kastaafu na mwingine anafundisha nje.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Profesa Felix Chami alichukua uzamivu wake Uppsala mwaka 1994, akarudi, akachimba Rufiji, Mafia na Unguja, akabishana na vitabu vilivyosema pwani hii haikuwa na watu wa maana kabla ya wageni. Kizazi chake, waliofunzwa kwa ushirikiano na Waswidi, kilitujengea akiolojia ya jembe na mwiko, na kwa hilo tunawavulia kofia. Sasa tunachimba vizuri. Ila tukichimbua kitu chenye maandishi, tunakipiga picha na kukituma kwa barua pepe.

Kuna na kusoma kusiko na herufi. Mwaka wa kwanza wa uzamivu nilipata ruhusa ya kuingia ghala moja la mabaki, sitalitaja ni la nani, kutazama vigae vya uchimbaji wa zamani. Mtunzaji alikuwa mtu mwema, alinitafutia hata kiti. Tukafungua sanduku. Vigae vilikuwamo, vizima kabisa: vyekundu vya kienyeji, vya Kiajemi vyenye rangi ya kijani na michoro ya kukwaruza, na kipande kimoja cha seladoni ya Kichina chenye rangi ya bahari asubuhi. Lakini mchwa walikuwa wametangulia. Walikula kila lebo, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao sijauona katika ofisi yoyote. Lebo ndiyo iliyobeba namba ya shimo na tabaka la udongo. Kigae bila lebo ni kama barua iliyokatwa jina la mwandishi, tarehe na mahali, ukaachiwa neno "pia". Mtunzaji akaniambia amekwisha kuomba masanduku ya plastiki na kalamu za wino usiofutika tangu bajeti ya mwaka juzi. Bei yake nilipiga hesabu: haifiki posho ya kikao kimoja cha siku mbili hotelini. Nasema tu.

Na hao wageni wanaokuja kuchimba, wengine ni walimu wazuri kuliko wetu, niseme ukweli. Lakini vibali mnavyotoa ninyi vinadai "mwanafunzi wa nchini ashirikishwe", na kushirikishwa huko kwa kawaida ni kuchekecha udongo, kuhesabu mifuko, na kuwa mkalimani kwa wavuvi. Uchambuzi unafanyika kwao, makala inatoka kwao, na nikitaka kuisoma natakiwa kulipia bei inayozidi chakula changu cha wiki. Andikeni katika kibali kwamba mwanafunzi huyo atafundishwa uchambuzi wenyewe, maabara au maktaba, mpaka mwisho, na kwamba nakala ya kila picha na kila jedwali inabaki hapa. Hilo halihitaji fedha.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshakisikia kwenye kikao cha pendekezo langu la utafiti: soko la ajira. "Mtu aliyesomea Kigiriki cha kale ataajiriwa na nani?" Aliyeuliza alikuwa na shahada ya falsafa. Waheshimiwa, Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Gedi ya Kenya iliingia 2024, na mawaziri walipiga picha. Kila mara faili la aina hiyo linapoandaliwa anahitajika mtu wa kueleza mahali pale ni nini na maandishi yanasemaje. Ajira ipo, sema inalipwa kwa fedha za kigeni kwa mshauri wa kigeni. Na hata isingekuwapo, hamjawahi kumuuliza mtu wa hisabati halisi swali hilo.

Sasa ninachoomba. Siombi jengo, wala kituo chenye bango na kamati ya uendeshaji. Naomba walimu watatu wa lugha za kale, kwa kuanzia, wagawanwe na vyuo vyote vinavyotoa uzamili wa akiolojia au historia katika Tanzania, Kenya na Uganda. Mmoja wa maandishi ya Kiarabu ya mawe, sarafu na miswada. Mmoja wa Kigiriki. Wa tatu wa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na lugha za Naili. Janga la korona lilitufundisha kufundishana kwa mtandao. Darasa la watu kumi na wawili kutoka miji mitano linawezekana wiki ijayo. Na lugha hizo ziwe sharti la kuhitimu, zisiwe za hiari. Za hiari tunazijua zinavyoisha.

Kigeezi mnaweza kukiona cha mbali. Si cha mbali. Mfalme Ezana wa Aksum, karne ya 4, aliandika ushindi wake juu ya jiwe kwa Kigiriki na kwa Kigeezi, na Aksum ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe wakati majirani wengi hawana hata moja. Ethiopia wanafundisha Kigeezi. Ndege ya kwenda Addis Ababa ni saa tatu. Mnajua nani mwingine anakifundisha? Toronto, Kanada. Mwaka 2016 mwanamuziki The Weeknd, ambaye wazazi wake ni Wahabeshi, alitoa dola 50,000 kusaidia kianze, na mwaka uliofuata kikaanza. Mwimbaji! Nasi tuna wizara.

Juu ya Naili nina neno zaidi, na hili ni la haraka. Tangu vita vilipoanza Khartoum, Aprili 2023, Makumbusho ya Taifa ya Sudan yameporwa na wasomi wa nchi ile wametawanyika, wengi Misri, wengine hapa hapa Uganda na Kenya. Hao ni watu waliokulia kwenye piramidi za Meroe, zaidi ya mia mbili zilizoko Sudan, na wanaojua miji ya kale ya Kerma na Napata kwa nyayo. Maandishi ya Meroe alama zake 23 zilitambuliwa na Mwingereza Griffith kati ya 1909 na 1911, kwa hiyo tunaweza kuyatamka. Maana yake sehemu kubwa bado ni giza. Claude Rilly, Mfaransa aliyeishughulikia lugha hiyo miaka mingi, anaiweka pamoja na Kinubi (cha mto Naili, siyo kile cha Kibera) katika tawi moja la lugha za Sudani Mashariki, na ukoo huo mpana ndimo wanaisimu wengi huwaweka pia Wajaluo, Wamaasai na Wakalenjini. Mjaluo wa Kisumu akikaa mbele ya maneno ya Meroe anaweza asisikie kitu. Anaweza pia akasikia. Hajawahi kukaa. Na mwalimu wa kumkalisha labda yuko Kampala leo, anauza vocha. Mkataba wa miaka miwili wa kufundisha ungemtoa yeye kwenye kibanda na sisi kwenye giza.

Jambo la mwisho ni lugha ya tasnifu. Nilipokuwa uwandani, tulikuwa na mzee mmoja mchimbaji ambaye alikuwa akigonga mwiko chini, anasikiliza, anasema, "Hapa simamisheni, tumefika sakafu." Hajaiona, ameisikia, chokaa iliyopondwa miaka mia saba iliyopita ikimjibu chuma. Alinifundisha kutofautisha sauti ya sakafu, ya fusi na ya mwamba. Alijua pia tanuri la chokaa linavyopangwa magogo na matumbawe, kidaka, msana, boriti ya mkoko. Yote hayo nimeyaandika kwa Kiingereza, kwa sababu kanuni inataka hivyo, na zaidi ya nusu ya maneno yake yamekosa pa kukaa. Ruhusuni tasnifu za fani hii ziandikwe kwa Kiswahili kwa anayetaka. Yule mzee aliniomba nakala ya kazi tuliyofanya pamoja. Nilimpa. Ameiweka juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni.

Wakati mnatafakari, sisi tumeanza. Tuko saba, wa uzamili na uzamivu kutoka idara tatu, na mwalimu wetu ni imamu mstaafu ambaye alisomea Kiarabu cha zamani ujanani na halipwi chochote zaidi ya chai na kashata. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana, chumba cha semina, ghorofa ya pili. Tumeanza na al-Masudi, mstari kwa mstari, na Jumamosi iliyopita tulifika penye lile neno. Tulikuwa tumelibishania kwa nusu saa, mmoja akitetea qafu kwa nguvu zote, mlinzi akaja kuzima taa. Ni saa kumi na mbili, akasema, ndiyo amri.

Kabla ya walimu watatu, basi, naomba mlinzi aambiwe atuachie taa hadi saa mbili.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamivu, mwenyeji wa Kilwa Kivinje